Pointi Mpya Haziponyi Shafti Inayocheza

Wiki hii nimeletewa Land Rover Series IIA, petroli, lita 2.25. Mwenyewe akaanza kama wanavyoanza wote: "Fundi, gari inamisi, na pointi nimeshabadilisha mara tatu." Mara tatu! (Kumisi ni injini kurukaruka kwa kukosa mwako; pointi ni vile vibati viwili vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke.) Na mkononi kashika seti ya nne, anataka nimfungie. Nimekataa, na ninaandika hapa kwa sababu nimechoka kulieleza jambo hili gari moja baada ya jingine.

Fungua kifuniko cha distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ng'oa rota inayozunguka juu ya shafti yake, shika kichwa cha shafti kwa vidole viwili, kisukume upande huu na huu. Cha huyu bwana kilikuwa kinagonga, akasikia mwenyewe. Bushi, ile pete inayoishikilia shafti, imelika. Kuanzia hapo habari ya pointi iweke kando kwanza.

Pointi za distribyuta ya Lucas 25D4 zinataka uwazi wa milimita 0.35 hadi 0.40. Bushi ikishalika, shafti inayumba: kemu, ile sehemu ya shafti yenye pembe nne zinazofungua pointi, inasogelea pointi kwenye silinda moja, inazikimbia kwenye nyingine. Unaingiza fila, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi, kwenye pembe moja unapata 0.38, unazungusha injini hadi pembe inayofuata unapata 0.25. Hukukosea kupima. Kinachopimwa ndicho kisichotulia. Krenki, shafti kuu ya injini, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hizo zinafunguka mara 100 kila sekunde, na uwazi ukipungua zinachelewa kufunguka, kwa hiyo cheche nayo inachelewa. Silinda moja inawaka mapema, jirani yake inachelewa, halafu mtu anaanza kulaumu kabureta.

Dawa ni bushi mpya, na hapa ndipo watu wanaponiudhi zaidi. Bushi ile ni ya shaba iliyoshindiliwa kutokana na unga, ina vitundu vidogo vinavyonyonya oili na kuitoa polepole. Iloweke kwenye oili ya injini saa 24 kabla ya kuishindilia mahali pake. Ikibana shafti, usiichimbe kwa rima, kile chombo cha kupanulia tundu, wala msasa! Ukifanya hivyo unaziba vile vitundu, bushi inakauka, na baada ya muda mfupi umerudi kwangu na shafti inacheza vilevile. Nimewahi kuona bushi mpya iliyochimbwa hadi inang'aa kama kioo, na aliyeichimba akajisifu kwa mng'ao huo.

Vingine havina mambo mengi. Rota na kifuniko vyenye ufa, tupa. Mkaa wa katikati ya kifuniko uangalie kama bado unarudi kwa springi yake. Waya mdogo wa ethi wa lile bati linalobeba pointi uvute taratibu, maana hukatika ndani ya mpira wake huku kwa macho ukionekana mzima.

Kwenye kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi kuungua kwa cheche, nitasimama kidogo. Vitabu husema ukiona pointi zimeota kinundu upande mmoja na shimo upande wa pili, mwelekeo wake utakuambia kondensa ni kubwa mno au ndogo mno. Mimi nimekuta vinundu pande zote mbili kwa nyakati tofauti, kondensa ikiwa ileile, nikaacha kuamini alama hiyo peke yake. Na kama kondensa ya zamani inafanya kazi, siitoi kwa sababu tu mpya imo kwenye boksi. Mpya zimeniharibikia nyingi kuliko za zamani.

Ukimaliza, panga uwazi wa pointi kwanza, taimingi (wakati wa cheche kutoka) baadaye. Ukianza na taimingi halafu ukagusa pointi, umeivuruga tena.

Land Rover ile sasa inasoma 0.38 kwenye pembe zote nne. Pointi zake za tatu zilikuwa nzima, nikazisafisha nikazirudisha, na matone mawili ya oili nikayadondoshea kwenye skrubu iliyo chini ya rota, mahali ambapo inaonekana hapakuwa na mtu aliyepagusa kwa miaka mingi.