Je, wajua kwa nini wachezaji wa Fallout 4 hulima mahindi ili wapate gundi?

Fallout 4 ni gemu ya video iliyotoka Novemba 2015. Ndani yake unazunguka eneo la Boston, Marekani, mwaka 2287, miaka 210 baada ya vita vya nyuklia. Huko kitu kinachokutia njaa kuliko risasi ni gundi. Ukitaka kufunga darubini kwenye bunduki au kubadilisha kitako chake, mara nyingi meza ya kazi inakudai gundi. Mgeni wa gemu hii hupekua magofu akiokota chupa za gundi na mikanda ya kubandikia, na bado haimtoshi. Mwenyeji analima.

Kanuni yenyewe ni hii: mahindi 3, mutfruit 3, tato 3 na maji safi 1 (mutfruit na tato ni mazao ya ndani ya gemu). Unavipika jikoni, penye sufuria na moto, wala si kwenye meza ya kemia ambako wengi hupoteza muda wakitafuta. Unapata wanga wa mboga 1, na karakana, yaani meza ya ujenzi ya kambi yako, inauhesabu kuwa gundi 5.

Shamba lake lina hesabu nzuri sana. Mkazi mmoja wa kambi anatunza mimea ya chakula hadi kipimo cha 6. Shina la mutfruit hutoa 1, la mahindi nusu, la tato nusu. Panda mashina 3 ya kila aina: 3, jumlisha 1.5, jumlisha 1.5, ni 6 kamili. Yaani mtu mmoja na mashina 9 wanakupa mpiko mmoja kila mavuno. Usisahau kumkabidhi mtu huyo mimea yake.

Panapokwama ni kwenye maji. Pampu ya mkono hutoa 3 na kila mkazi anakunywa 1, kwa hiyo kambi ya watu watatu yenye pampu moja haibakizi kitu. Jenga mtambo mdogo wa kusafishia maji: unakaa ndani ya maji, unahitaji umeme wa 2, na unatoa 10. Ziada huingia yenyewe kwenye sanduku la karakana. Yakishajaa humo hayaongezeki, kwa hiyo yatoe mara kwa mara.

Je, mapishi haya yana ukweli wowote? Yana ukweli mwingi. Mtoto wa Mbeya au Iringa aliyewahi kubandika tiara kwa tonge la ugali anajua tayari. Boksi la kawaida la kaki, lile lenye mawimbi katikati, kama yanayorundikwa sokoni Mwanjelwa, kwa kawaida huunganishwa kwa gundi ya wanga, mara nyingi wa mahindi.

Siri iko kwenye joto. Ndani ya unga kuna chembe za wanga, na kila chembe ni minyororo mirefu ya sukari iliyokunjwa ikabana. Kwenye maji baridi chembe hizo huzama tu chini. Maji yakifika kati ya nyuzijoto 62 na 72 za Selsiasi hivi, chembe za mahindi hunyonya maji, huvimba na kupasuka, minyororo ikasambaa na uji ukawa mzito. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo joto linatosha na kubaki. Ukipaka uji huo kwenye karatasi, minyororo inapenya kati ya nyuzi zake, nazo pia zimeundwa kwa sukari hiyohiyo iliyofungwa kwa namna nyingine. Maji yakikauka, vinashikana.

Hapo ndipo gemu inapotia chumvi. Chuma hakina nyuzi wala vitundu vya kupenya, na gundi ya wanga hulainika ikilowa. Darubini ya bunduki isingedumu. Tato nayo, mseto wa nyanya na kiazi, ni ya kubuni, ila nyanya na kiazi ni ndugu kweli: ukipandikiza kikonyo cha nyanya kwenye shina la kiazi, mmea mmoja huzaa vyote viwili. Kwa gundi, kiazi ndicho chenye wanga wa maana.

Ukitaka kuijaribu, koroga vijiko 3 vya chakula vya sembe laini kwenye nusu kikombe cha maji baridi. Mimina taratibu kikombe 1 cha maji ya moto huku ukikoroga, kisha weka kwenye moto mdogo hadi weupe wa maziwa upungue na uji ung'ae kidogo. Ukianza na maji ya moto utapata mabonge: unga wa nje huvimba kwanza na kuufungia wa ndani ukiwa mkavu. Dona haifai sana, kwa sababu pumba zinaacha chenga na mafuta ya kiini yanapunguza mshiko. Chuja, subiri ipoe, paka nyembamba. Ikiwa nene karatasi inajikunja.

Pika ya siku moja. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, huota ukungu upesi. Kijiko cha chai cha siki huichelewesha kidogo. Panya nao wanaipenda: daftari lililobandikwa hivyo huanza kutafunwa kwenye mgongo, pale gundi ilipo nyingi.