Nyoka mkubwa uani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nyoka mkubwa akionekana nyuma ya banda la kuku, hupewa jina kabla hajatazamwa vizuri. Mweusi anaitwa koboko, mnene anaitwa chatu, na wote wawili huhukumiwa kufa papo hapo. Haraka hiyo huumiza watu, kwa sababu anayesogea na fimbo akiwa na jina lisilo sahihi kichwani hajui anasogelea nini. Kumtambua nyoka ukiwa mbali kunawezekana hata kwa mtu asiye mtaalamu, mradi ajue alama za kutazama na aachane na zile alizorithi zisizo na msingi.

"Huyu ni mkubwa, basi ndiye mwenye sumu kali"

Mkubwa kuliko wote huku kwetu hana sumu kabisa. Chatu aliyekomaa huwa na mita tatu au nne, na wachache hupita mita tano. Hukamata kwa meno yaliyopinda kuelekea nyuma, kisha hujiviringisha kwa mnyama na kumbana. Watu husema anavunja mifupa au anasubiri mnyama aishiwe pumzi. Majaribio yaliyochapishwa 2015 kwa nyoka aina ya boa, ambao huua kwa namna hiyohiyo, yalionyesha kuwa mkazo ule husimamisha mzunguko wa damu ndani ya sekunde chache tu.

Hii haina maana kwamba chatu ni wa kuchezea. Mkubwa anaweza kumuua mtoto, mbuzi au mbwa, majeraha ya meno yake huoza yasiposafishwa, na mtu mmoja peke yake hapaswi kumshika. Ila mtu mzima aliyesimama hatua kumi mbali naye hayuko hatarini, na anao muda wa kutosha wa kuwaondoa watoto na kuita msaada.

Urefu nao hukadiriwa kwa hofu. Nyoka akilala kando ya ukuta usiopigwa lipu, mpime kwa matofali: tofali la kawaida la saruji lina inchi 18, yaani karibu sentimita 45. Anayechukua matofali manne hafiki mita mbili, hata kama mtaa mzima unaapa kuwa ni mita tano. Gamba lililovuliwa nalo hudanganya, maana hutanuka wakati wa kuvuliwa na huwa refu kuliko nyoka mwenyewe.

"Mnene mwenye madoa ni mtoto wa chatu"

Kama ningepewa nafasi ya kufuta dhana moja tu vichwani mwa watu, ningefuta hii. Anayeitwa mtoto wa chatu mara nyingi ni kifutu, ambaye wengine humwita moma. Ni miongoni mwa nyoka wanaojeruhi watu wengi zaidi Afrika, na sumu yake huozesha nyama hadi watu kukatwa viungo.

Tazama mwili kwanza. Kifutu ni mfupi, kwa kawaida hazidi mita moja na kidogo, lakini ni mnene kupita kiasi, na mkia wake unaisha ghafla kama umekatwa. Mtoto wa chatu ni mwembamba, na mwili wake unazidi kuwa mwembamba polepole hadi mkiani. Kisha tazama mgongo. Kifutu ana alama nyeusi zenye umbo la V, zimepangana moja baada ya nyingine, ncha zikielekea mkiani. Madoa ya chatu ni mapana, ya kahawia, hayana mpangilio, na juu ya kichwa chake kuna doa kubwa la kahawia lenye umbo la ncha ya mkuki. Magamba ya chatu hung'aa. Ya kifutu yamefifia na yana mikwaruzo.

La mwisho ni tabia, nalo ndilo linaloponza wengi. Kifutu hakimbii. Hutulia palepale kwenye majani makavu au kando ya njia ya chooni akitegemea rangi yake imfiche, na watu hudhani amelala, amekufa au ni mpole. Akivuta pumzi na kufoka kwa sauti nzito, umeshasogea mno.

"Koboko ni nyoka mweusi"

Koboko ana rangi ya kijivu, ya zeituni au ya kahawia iliyofifia. Weusi wake uko ndani ya kinywa, na ukiuona maana yake amekupanulia mdomo kukuonya: rudi nyuma taratibu. Ni mwembamba, huweza kupita mita tatu, na kichwa chake ni kirefu chenye pande zilizonyooka kama jeneza. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu na inaweza kusimamisha pumzi ndani ya saa chache, kwa hiyo sitamwambia mtu yeyote amdharau. Lakini hadithi ya koboko anayefukuza pikipiki si kweli. Mbio zake za juu kabisa ni kama kilomita 16 hadi 20 kwa saa, kwa umbali mfupi, na karibu kila mara anakimbilia shimo lake. Aliyesimama kati yake na shimo ndiye husimulia kwamba alifukuzwa.

Nyoka mweusi hasa uani anaweza kuwa swila. Huyu hutema sumu kwa umbali wa mita mbili na zaidi akilenga macho, na si lazima ainuke na kutanua shingo kwanza. Hutema hata akiwa amelala chini. Swila mkubwa wa kahawia wa pwani ya Kenya na nyanda kavu, anayeweza kufika mita 2.7, alitambuliwa rasmi kama spishi yake mwenyewe 2007 tu na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Sumu ikiingia machoni, usisugue. Osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20, kisha nenda hospitali.

Ile kanuni ya "kichwa cha pembetatu ndicho chenye sumu" itupwe kabisa. Koboko na swila wana vichwa vyembamba, na chatu asiye na sumu ana kichwa kipana.

"Huyu ametumwa, na mwenzake atakuja kulipiza"

Nyoka hana ndoa wala kisasi. Msimu wa kujamiiana, dume hufuata harufu ya jike, ndiyo maana wawili wanaweza kuonekana mahali pamoja siku zinazofuatana. Kuhusu kutumwa, nasema hili kwa uzito: maneno hayo humwangukia jirani, mara nyingi bibi mzee anayeishi peke yake, na madhara yake yanaweza kuzidi ya nyoka. Kinachomleta nyoka ni panya, mayai, vifaranga, vyura karibu na bomba linalovuja, au mvua iliyojaza shimo lake maji.

Mafuta ya taa, vitunguu saumu na salfa kuzunguka nyumba havimzuii. Nyasi zilizofyekwa na mabaki ya chakula yaliyoondolewa husaidia kuliko hayo yote.

"Akiuma, funga kamba na uweke jiwe jeusi"

Jiwe jeusi hunata kwenye damu, na kwa kuwa linanata watu huamini linanyonya sumu. Halinyonyi. Kamba iliyokazwa huongeza uozo wa kiungo, na kuchanja kwa wembe huongeza kuvuja damu. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, tuliza kiungo kisitikisike, mpeleke hospitali. Kama usafiri ni bodaboda, mgonjwa akae katikati, nyuma yake awe mtu wa kumshikilia.

Usibebe nyoka. Hata aliyekatwa kichwa anaweza kuuma bado. Picha iliyopigwa kwa mbali inatosha, na hata bila picha daktari huongozwa na dalili: uvimbe, kope zinazolegea, au damu iliyowekwa kwenye chupa safi ya kioo kwa dakika 20 isigande. Hizo ndizo humwelekeza kama antivenomu, yaani dawa ya kupinga sumu ya nyoka, inahitajika.

Nyoka akiwa bado uani, mtu mmoja amwangalie kwa mbali ili asipotee, mwingine apige simu: Kenya Wildlife Service kwa walio Kenya, TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) au afisa wanyamapori wa wilaya kwa walio Tanzania. Akikutwa ndani ya banda akiwa na tumbo limevimba, mfungie humo. Chatu aliyeingia mwembamba na kumeza kuku mara nyingi hawezi kutoka kwa tundu lilelile, na akisumbuliwa hutapika alichokula ili awe mwepesi wa kukimbia. Akishaondolewa, badilisha wavu wa banda uwe wa matundu ya nusu inchi, na uufukie chini kidogo, maana wengi hupita chini ya mlango.