Kadi ya chuo haikufuati hadi Dunga

Wanafunzi wengi hapa Kisumu huamini kwamba kadi ya chuo yenye chipu ya redio humwonyesha mlinzi wa lango uliko, hata ukiwa ufuoni Dunga unakula samaki. Sivyo. Kwa kawaida kadi hizi hazina betri wala kipokezi cha setilaiti. Chipu huamshwa na mawimbi ya kisomaji chenyewe, na zile zinazotumia mawimbi ya megahezi 13.56 kwa kawaida husomeka kwa umbali wa sentimita chache tu. Ukishapita lango, kadi iko kimya.

Linalonihangaisha mimi ni kumbukumbu: saa uliyoingia maktaba, maabara, bweni. Hizo hubaki kwenye kompyuta za chuo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua zinatumiwaje. Ulizeni, tena kwa maandishi.