Mshukiwa ni Nani?

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, pamoja na wazee wenzangu na vijana wachache, na mmoja wa vijana hao akawa anatusomea habari kutoka kwenye simu yake. Habari yenyewe ilikuwa ya mistari minne tu: washukiwa wawili wa ugaidi wameuawa na maafisa wa usalama alfajiri, ndani ya nyumba walimokuwa wamelala. Mzee mmoja ambaye masikio yake yamepungua nguvu akauliza, "Wameuawa kina nani?" Kijana akapandisha sauti akamjibu, "Magaidi, Ami." Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Alhamdulillahi," na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki.

Nimekuwa nikilisikia badiliko hilo la neno kwa miaka mingi, na kila mara huniuma. Habari ilisema washukiwa, kijana akasema magaidi, na kati ya neno la kwanza na la pili, kwa muda wa pumzi moja, kesi nzima ilikwisha kusikilizwa na kukatwa. Watu hubishana sana iwapo washukiwa wa ugaidi wauawe au wafikishwe mahakamani, lakini swali hilo haliwezi hata kuulizwa sawasawa na mtu asiyejua maana ya neno lake la kwanza.

Maana ni fupi. Mshukiwa ni mtu ambaye wengine wanadhani huenda ametenda kosa, lakini bado hajafunguliwa mashtaka. Akifunguliwa mashtaka huitwa mshtakiwa, na akiwekwa rumande kusubiri kesi yake huwa mahabusu. Mahakama ikimpata na hatia, hapo ndipo anapokuwa mhalifu. Ndugu zetu wa Tanzania husema mtuhumiwa mahali ambapo sisi wa Kenya husema mshukiwa, na tofauti baina ya hayo mawili haitushughulishi hapa.

Linalohitaji subira ni asili ya neno. Mshukiwa limetokana na kitenzi kushuku, na kushuku kumetokana na neno la Kiarabu shakk, ambalo ndilo lililotupa shaka. Tazama umbo lake. Kushuku ni tendo la anayeshuku, kushukiwa ni kutendwa, na mshukiwa ni mtendwa. Mwizi ameiba, mwuaji ameua, mlevi amelewa, lakini mshukiwa, kwa kadiri neno linavyosema, hajafanya lolote. Aliyefanya ni yule mwenye shaka. Shaka hiyo imo kifuani mwa mpelelezi, au mwa jirani, au mwa mtoa habari ambaye hatumjui na ambaye huenda ana ugomvi wa shamba na mtu anayemtaja. Neno hili, basi, linatupa habari za pande mbili, na upande mmoja umefichwa. Kila linaposomwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza: ameshukiwa na nani, na kwa lipi?

Watu wengi hudhani kwamba mshukiwa na mshtakiwa ni maneno ya ukoo mmoja, kwa sababu yanafanana masikioni. Si ya ukoo mmoja. Mshtakiwa linatokana na kushtaki, ambalo asili yake ni neno jingine la Kiarabu lenye maana ya kulalamika, lile lililozaa shakwa, yaani malalamiko. Mshtakiwa ni mtu ambaye mwingine amesimama mbele ya mwamuzi akatoa malalamiko juu yake. Shaka hukaa moyoni, haina saini wala tarehe. Shtaka lina mwenye kulileta, lina siku na mahali panapodaiwa kosa kutendeka, lina kifungu cha sheria, na kwa hivyo laweza kujibiwa. Mtu hawezi kuikana shaka asiyoijua, lakini shtaka anaweza kulikana. Kumpeleka mshukiwa mahakamani ni kumtoa kwenye neno la kwanza na kumtia kwenye la pili, yaani kuilazimisha shaka itoke kifuani iseme kwa sauti mbele ya watu.

Na tazama shaka inavyorudi mwishoni mwa safari hiyo. Kesi ya jinai humalizika kwa upande wa mashtaka kutakiwa uthibitishe kosa bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Shaka ile ile iliyomfanya mtu akamatwe, ikiwa bado imesalia baada ya mashahidi wote kusikilizwa, ndiyo inayomwachilia huru. Mwanzoni humlemea na mwishoni humkinga, na kazi ya mahakama ni kuisafirisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayemuua mshukiwa huikata safari hiyo mwanzoni kabisa, wakati ambapo kilichopo mkononi ni shaka peke yake.

Baadhi ya watu hapa kwetu husema kwamba haya ni mambo ya kizungu, na kwamba sheria yetu ya asili isingembembeleza mtu wa namna hiyo. Usemi huo hunishangaza, kwa kuwa hutoka kwa watu waliokaa madrasa kama mimi. Kanuni tuliyohifadhi tukiwa watoto ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Neno la Kiarabu la ushahidi huo, bayyina, ni la mzizi mmoja na neno letu bayana. Tukasomeshwa pia kwamba adhabu za hudud, yaani zile zilizowekewa kiwango na sheria ya dini, huzuiwa pale penye shubha, yaani shaka. Katiba ya Kenya ya 2010 haikutuletea jambo geni iliposema katika Kifungu cha 50 kwamba mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama, na hakimu anaweza kuruhusu aendelee kuzuiliwa uchunguzi ukifanyika. Kifungu cha 25 kimeiweka haki ya kesi ya haki miongoni mwa zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote, na ugaidi haukutolewa katika hesabu hiyo.

Lakini kosa la yule kijana si lake peke yake, na hapa ndipo ninapotofautiana hata na wale wanaokubaliana nami. Neno hili huharibiwa na pande zote mbili. Watu wenye silaha wanapoivamia kambi au kijiji huku wakifyatua risasi, na askari wakawajibu wakawaua, habari za jioni husema kwamba washukiwa kadhaa wameuawa. Mwandishi amejitahidi kuwa mwangalifu, lakini amekosea, kwa sababu juu ya mtu anayekufyatulia risasi hakuna shaka. Huyo ni mshambuliaji, na kumzuia kwa risasi ili kuokoa uhai ni jambo ambalo sheria ya Huduma ya Polisi imelitambua. Anapoitwa mshukiwa, neno huzoea damu. Msomaji husikia mshukiwa akaona mtu mwenye bunduki msituni Boni, kisha siku ya pili anaposoma kwamba mshukiwa ameuawa kitandani, picha inayomjia ni ile ile ya jana. Tukiwaita washambuliaji kwa jina lao, neno mshukiwa litarudi kwa mwenyewe, naye ni mtu aliyekwisha kutiwa pingu, au aliyelala, au aliyechukuliwa njiani na gari lisilo na alama. Swali la kuua au kuhukumu linamhusu huyo tu.

Ninajua kinachowafanya watu wachoke. Nilikuwa hapa Juni 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa na zaidi ya watu 60 wakauawa huko na katika vijiji vya jirani, na ninakumbuka amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata mwezi wa Julai. Waliouawa hawakupewa hakimu wala wakili. Mjane wa mmoja wao akisema kwamba waliomuua mumewe hawastahili kesi, sina ubishi naye, na sitamsomea vifungu. Ninachosema ni kwamba anawataja waliomuua mumewe, na mshukiwa ni mtu ambaye bado hatujui kama ni mmoja wao. Katika mji wetu, mtaa mmoja unaweza kuwa na watu watatu wenye jina moja, na baba na babu zao pia wakashirikiana majina, tukawatofautisha kwa lakabu ambazo hazimo katika kitambulisho chochote. Anayetoka mbali akiwa na jina moja kwenye karatasi anaweza kugonga mlango usio wenyewe.

Husemwa pia kwamba mahakama ni dhaifu kwa mambo haya. Kesi huchukua miaka, hilo ni kweli. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, la Septemba 2013, lililoua watu 67, lilipata hukumu Oktoba 2020. Washtakiwa wawili walipatikana na hatia, na wa tatu aliyekuwa ameketi nao akaachiliwa. Katika kesi ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa Aprili 2015, watatu walipatikana na hatia mwaka 2019, mmoja akafungwa maisha na wawili miaka 41 kila mmoja, na katika kesi hiyo hiyo pia kulikuwa na walioachiliwa. Wengi huhesabu walioachiliwa kuwa hasara. Mimi huwahesabu kwa njia nyingine: siku ya kukamatwa, wote walikuwa washukiwa, na neno hilo moja liliwafunika sawasawa. Kama wote wangeuawa siku hiyo, tungesoma mistari minne, tukasema magaidi, na tusingejua kamwe ni yupi alikuwa yupi.

Na wako ambao mambo yao hatuyajui hadi leo. Sheikh Aboud Rogo, mzaliwa wa Lamu, alishtakiwa pamoja na wenzake kwa shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002, wakaachiliwa huru mwaka 2005. Baadaye alihubiri maneno ambayo mimi sikuyakubali na siyakubali. Alipopigwa risasi ndani ya gari lake Mombasa tarehe 27 Agosti 2012, akiwa na jamaa zake, alikuwa akikabiliwa na kesi nyingine mahakamani. Kesi hiyo haikufika mwisho, na mji ukaingia katika ghasia zilizoua watu zaidi. Waliomuua hawajapatikana na hatia hadi leo. Yaliyosemwa juu yake yalibaki kuwa shaka, na yaliyosemwa juu ya waliomuua nayo yakabaki kuwa shaka.

Hapa lugha yetu ina jambo ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu. Kiarabu kina maneno mawili, moja la mtu aliyeona jambo na akaja kulieleza, na jingine la mtu aliyekufa katika njia ya Mungu. Kiswahili kimeyachukua yote mawili yakawa neno moja: shahidi. Mshukiwa anapofikishwa mahakamani, mashahidi huitwa, huapishwa, huhojiwa, na vijana wanaofuatilia husikia fedha zilitoka wapi na nani alidanganywa kwa lipi. Anapouawa gizani, hakuna shahidi wa maana ya kwanza atakayeitwa, na papo hapo wako watu wanaosubiri kumpa jina hilo kwa maana ya pili. Wanaosajili vijana hawahitaji hotuba ndefu wakipewa hilo.

Jambo moja zaidi, kwa wanaosema kwamba mauaji haya ni adhabu tu iliyoharakishwa. Kenya ina hukumu ya kifo katika vitabu vyake, lakini hakuna aliyenyongwa tangu 1987. Aliyethibitika kuua, baada ya mashahidi na rufaa, yuko hai gerezani. Basi anayeuawa kwa kushukiwa hupata adhabu ambayo dola yenyewe haijaitekeleza kwa mwenye hatia kwa zaidi ya miaka 35. Ile Ngome tunayoiegemea migongo pale barazani ilikuwa gereza hadi mwaka 1984, na wazee wanaokumbuka watu walioingizwa humo wanaweza kukwambia kila mmoja aliingia kwa kosa gani, kwa sababu lilisomwa.

Kesho yake nilimwita kijana wetu kando, kwa kuwa ni mwana mwema na husoma kwa sauti nzuri, nikamweleza machache kati ya haya. Hakubishana. Aliniuliza tu, "Sasa niseme vipi, Ami, na yule mzee hasikii neno refu?" Nikamwambia asome neno lililoandikwa, na akiulizwa tena wameuawa kina nani, ajibu: "Watu wawili walioshukiwa, Ami, na habari haisemi walishukiwa na nani." Ni maneno machache zaidi, na mzee yule husikia vizuri ukimsogelea.