Je, wajua kwa nini uso wa mafuta hung'aa saa sita hata ukiuosha alfajiri?

Pita kijiwe chochote cha bodaboda Ngamiani, Tanga, mchana wa kaskazi, uwatazame vijana nyuso zao. Paji la uso, pua na kidevu vinameremeta, mashavu yametulia. Wengi wao wameoga asubuhi, tena kwa sabuni. Mafuta yanarudije upesi hivyo?

Yanarudi kwa sababu hayakutoka nje. Yanatengenezwa na tezi ndogo zilizomo ndani ya ngozi, kila moja imeshikamana na shina la unywele na hutoa mafuta yake kupitia kitundu kilekile unywele unapochomoza. Zimejazana usoni na kichwani kuliko kwingine; sentimita moja ya mraba ya paji la uso huweza kuwa na mamia. Viganjani na kwenye nyayo hazipo kabisa.

Tezi hizi hutii homoni, hasa zile ziitwazo za kiume, ambazo wanawake nao wanazo kwa kiasi chao. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili uso wake ni mkavu, na akishabalehe mambo hubadilika. Urithi nao una sehemu yake. Kisha kuna joto: ngozi ikipanda joto kwa nyuzi 1 tu, mafuta yanayotoka juu huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo mtu wa Tanga aliyeridhika na uso wake kusi ya Julai asishangae ikifika Februari. Jasho ni jambo jingine, lina tezi zake na ni maji na chumvi, ila katika hewa yetu yenye unyevu halikauki haraka, basi linachanganyika na mafuta na uso mzima unaonekana umelowa.

Sasa tuje kwenye kuosha, maana hapa ndipo watu wanajiumiza. Maji matupu hayatoi mafuta. Bakuli la mchuzi wa nazi linatuonyesha hilo kila siku. Sabuni inaweza, kwa sababu chembe yake upande mmoja hushika mafuta na upande wa pili hushika maji, vyote vikaondoka pamoja. Lakini sabuni haichagui. Katikati ya seli za ngozi kuna mafuta mengine, yasiyotoka kwenye tezi, ambayo kazi yake ni kuzuia maji ya mwili yasipotee. Sabuni kali huyabeba na hayo. Ngozi yenyewe ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, ambacho kikipanda uchachu hupungua) ni kama 5, ilhali sabuni nyingi za kipande hufika 9 au 10. Ukijisugua uso kwa sabuni ya mche na dodoki mara nne kwa siku, utapata uso unaokaza, unaowasha, na baada ya saa chache bado unang'aa. Tezi hazijui kama umeosha. Zinaendelea na kazi.

Kwa hiyo osha kwa kisafisha uso kipole mara mbili, asubuhi na usiku, na tena ukishatoka jasho jingi. Maji yawe ya kawaida au vuguvugu, tumia vidole, kisha kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua. Mwenye kutawadha mara tano asihofu: maji ya udhu hayana sabuni, yanaondoa jasho na vumbi tu, na hayo yanatosha kwa mchana. Sabuni aiweke alfajiri na baada ya Isha. Akiona mng'ao katikati, agandamize karatasi laini usoni, inyonye mafuta.

Ndimu naomba ziachwe jikoni. Najua wengi hujipaka kukata mafuta, lakini uchachu wake ni mkali mno kwa ngozi, na maji yake yakikutana na jua huweza kuunguza na kuacha mabaka meusi ya wiki kadhaa au miezi. Mafuta ya nazi nayo ni mazuri kwa nywele na miguu; usoni kwa mtu mwenye ngozi ya mafuta huziba vitundu na kuleta chunusi. Hiyo haina maana aache kupaka chochote. Losheni nyepesi ya maji, iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu, humfaa hata yeye.

Liwa, ule mti wenye harufu nzuri, naitetea, kwa masharti. Ikisagwa juu ya msio, yaani jiwe la kusagia, kwa marashi kidogo, ikapakwa nyembamba, unga wake ukikauka hufyonza mafuta yaliyo juu. Ioshe kabla haijaanza kupasuka na kuvuta ngozi, na ilainishe kwa maji kwanza. Ukiibandua ikiwa kavu unajichubua. Wengine marashi huwawasha, hao watumie maji.

Anayepata vipele vyeusi na chunusi ndogo atafute kisafisha uso chenye asidi ya salisiliki, kati ya asilimia 0.5 na 2. Asidi hii huyeyuka ndani ya mafuta, hivyo hupenya kwenye kitundu na kulegeza uchafu uliokwama. Aanze siku chache kwa wiki na kuipa muda, kwani matokeo huja baada ya wiki kadhaa.

Mkorogo ndio usiguswe kabisa. Krimu za kung'arisha zenye steroidi huanza kwa kulainisha uso, kisha huleta chunusi zake zenyewe na kuifanya ngozi iwe nyembamba. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, katika vipodozi zimepigwa marufuku nchini. Na vipele vikubwa vinavyouma chini ya ngozi na kuacha makovu si kazi ya sabuni wala liwa. Hivyo ni vya daktari wa ngozi, na kadiri mtu anavyokwenda mapema ndivyo makovu yanavyopungua.