Timu ya kwanza ya Marekani kubeba Kombe la Stanley ni ya 1917, sio 1928

Jamani ile meseji inayozunguka kwenye magrupu, eti timu ya kwanza ya Marekani kubeba Kombe la Stanley la hoki ya barafuni ni ya New York mwaka 1928, sio kweli, tuache kuiforwadi. Seattle, timu ya mji wa magharibi mwa Marekani, walishalibeba tangu Machi 1917. Timu ya Montreal ya Kanada ilisafiri mpaka kule magharibi, ikashinda mechi ya kwanza 8-4, halafu Seattle wakaamka wakapiga tatu mfululizo, ya mwisho 9-1, yaani kipigo cha mbwa mwizi! Na sheria walikuwa wanapokezana, mechi moja wachezaji saba kila upande kama walivyozoea magharibi, inayofuata sita.

Watu wanachanganya kwa sababu ligi kubwa ya sasa ya hoki, NHL, ilianzishwa Novemba 1917, miezi minane baadaye, kwa hiyo orodha nyingi zinaanzia hapo, na ndani ya hiyo ligi kweli New York ndio Wamarekani wa kwanza kubeba kombe. Ila kombe lenyewe ni la tangu 1893. Ukitaka kuhakikisha, tafuta orodha ya mabingwa wa kombe, sio ya ligi, shuka nayo mpaka 1917.