Kriviya: jina la nchi lililoandamana na mabano

Mwaka 1924, mjini Kaunas nchini Lithuania, ilitoka kamusi yenye mabano kwenye jina lake. Ilikuwa kamusi ya Kirusi na "Kikriviya (Kibelarusi)". Mtunzi wake, Vaclau Lastouski, alishikilia kwamba lugha aliyozaliwa nayo ni Kikriviya. Alijua pia kwamba akiliacha neno hilo peke yake, mnunuzi angeigeuza-geuza kamusi mkononi asijue ni ya lugha gani. Basi akafungua mabano, akaliweka humo jina asilolitaka.

Kriviya haikuwahi kuwa nchi yenye mipaka na bendera. Ni jina ambalo mwanahistoria na mwandishi huyu alipendekeza lichukue nafasi ya "Belarusi". Alilitoa kwa Wakrivichi, kabila la Waslavi wa kale lililokuwa likiishi sehemu za Polatsk, Smolensk na Pskov.

Kisa cha kutaka kubadilisha jina ni hiki. "Belarusi" ni maneno mawili: "nyeupe" na "Rus". Rus ilikuwa dola ya kale ya Waslavi wa mashariki, kitovu chake Kyiv, na si kitu kimoja na Urusi ya leo. Lakini nani ana muda wa kufafanua hivyo kila anapotaja kwao? Sisi wa Kiswahili ndio tunaopotea zaidi, maana ukitamka "Belarusi" sikio linadaka "Urusi" moja kwa moja, kana kwamba ni jimbo lake. Lastouski alilalamikia jambo hilohilo: kwamba taifa linalojitambulisha kwa jina la namna hiyo litaonekana daima kuwa mdogo wa jirani yake.

Jina jingine la kihistoria lilikuwepo, Litva, yaani Lithuania. Kwa karne nyingi ardhi ya Belarusi ilikuwa ndani ya Utawala Mkuu wa Lithuania, na watu wake wengi waliitwa Walitvini. Ila kufikia miaka ya 1920 jina hilo lilikuwa limeshapata mwenyewe: jamhuri mpya ya Lithuania, ambayo Lastouski aliishi humo kama mkimbizi. Mgeni hagombei jina la mwenye nyumba.

Si kwamba alizaliwa na wazo hili. Alizaliwa mwaka 1883 kaskazini mwa Belarusi, enzi za Mfalme wa Urusi. Hakupita chuo kikuu. Historia alijifundisha mwenyewe. Alikuja kuwa katibu wa gazeti la Nasha Niva, yaani "Shamba Letu", lililotolewa Vilnius, na mwaka 1910 akachapisha historia fupi ya nchi yake, ya kwanza kuandikwa kwa Kibelarusi. Tazama jalada lake: "Historia Fupi ya Belarusi". Hakuna Kriviya wala mabano.

Kilichombadilisha, kwa maoni yangu, ni siasa. Tarehe 25 Machi 1918 ilitangazwa Jamhuri ya Watu wa Belarusi. Lastouski akawa waziri mkuu wake Desemba 1919, wakati mji mkuu, Minsk, uko mikononi mwa jeshi la Poland na serikali yake haina hata mtaa wa kuutawala. Aliuacha uwaziri mkuu huo wa uhamishoni mwaka 1923, na mwaka huohuo akaanzisha jarida la Kryvich hukohuko Kaunas. Serikali ilimshinda, akahamia kwenye maneno.

Wazo lenyewe lina matundu. Wakrivichi hawakuwa Belarusi nzima: kusini walikuwepo Wadregovichi, mashariki Waradimichi. Halafu Smolensk na Pskov leo ziko Urusi. Kubwa zaidi ni la Kilatvia. Walatvia walipakana na Wakrivichi, wakachukua jina la majirani hao na kuwaita nalo Warusi wote. Mpaka leo kwa Kilatvia Urusi ni Krievija, na Belarusi ni Baltkrievija, "Krievija nyeupe". Jina aliloliokota ili kujitenga na Urusi, ukivuka mpaka tu, ndiyo Urusi yenyewe!

Lakini Kriviya ilimzalishia kazi. Mwaka 1926 alitoa historia ya kitabu cha Kibelarusi, bonge la juzuu la kurasa zaidi ya 700, na mabano yamo tena kwenye jina, safari hii "Kikriviya" ndicho kikiwa ndani. Kabla ya hapo, mwaka 1923, alikuwa ameandika hadithi iitwayo "Labirynty", ya watu wanaoshuka kwenye mahandaki chini ya mji wa Polatsk kutafuta hazina ya mababu.

Hazina ya kweli alikuja kuishika. Mwaka 1927 alikubali kurudi Minsk chini ya utawala wa Kisovieti, akapewa makumbusho ya taifa ayaongoze. Mwaka uliofuata alikwenda Polatsk na kuupata msalaba wa Mtakatifu Euphrosyne, uliotengenezwa mwaka 1161 na sonara Lazar Bohsha. Akaupeleka Minsk. Msalaba huo ulipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili, na haujaonekana tena.

Yeye mwenyewe hakuifikia vita hiyo. Mwaka 1930 alikamatwa katika kesi ya "Umoja wa Ukombozi wa Belarusi", chama ambacho polisi wa siri walikibuni wenyewe ili wapate wa kuwabambikia. Alihamishiwa Saratov, huko ndani ya Urusi, akafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu akitunza vitabu adimu. Mwaka 1937 walimfuata tena. Alipigwa risasi tarehe 23 Januari 1938. Hukumu hiyo ya pili ilifutwa mwaka 1958. Ile ya kwanza, ya kuipenda Belarusi kupita kiasi, ilisubiri hadi 1988.